Wizara ya Katiba na Sheria: Nani ameshika nini, kutoka Dodoma hadi Ngerengere

WIZARA ya Katiba na Sheria ni miongoni mwa wizara ambazo jina lake hubeba mambo mengi kuliko mamlaka yake. Mwananchi anaposikia neno sheria hudhani kuwa waziri mwenye dhamana hiyo ndiye mkuu wa mahakama, mwajiri wa mahakimu, kiongozi wa waendesha mashtaka na msimamizi wa polisi wanaokamata watuhumiwa. Ukweli ni kwamba hana amri juu ya yeyote kati ya hao.

Kwa mkazi wa Ngerengere, katika Wilaya ya Morogoro, tofauti hiyo si jambo la kusoma darasani tu. Ngerengere iko mashariki ya milima ya Uluguru, mahali ambapo reli imepita tangu enzi za Wajerumani, penye mashamba ya mkonge, vijiji vya wakulima, wafugaji na kambi ya jeshi la anga. Karibu kila aina ya mgogoro unaoweza kumfikisha mtu mbele ya sheria unapatikana hapo, na kila aina ina mlango wake. Anayebisha mlango usio wake hupoteza nauli na siku, na pengine hupoteza haki yenyewe, kwa kuwa sheria nyingi zina ukomo wa muda.

Mamlaka ya waziri hutokana na hati ya mgawanyo wa majukumu ambayo Rais huitoa na kuitangaza katika Gazeti la Serikali kila anapounda au kupanga upya Baraza la Mawaziri. Ndiyo maana hata jina la wizara limebadilika. Katika Serikali ya Awamu ya Tatu iliitwa Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba. Baadaye ikawa Wizara ya Katiba na Sheria. Kazi zake za msingi ni kutunga sera za sheria, kusimamia mambo ya Katiba, kufuatilia utoaji wa haki, kushughulikia haki za binadamu na kuratibu msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

Ndani ya wizara, waziri na naibu wake ni viongozi wa kisiasa. Mtendaji mkuu ni Katibu Mkuu, ambaye pia ni Ofisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa kila shilingi inayotumika. Chini yake zipo idara zinazohusika na huduma za sheria kwa umma, haki za binadamu, na mambo ya Katiba pamoja na ufuatiliaji wa haki. Lipo pia jukumu la kuangalia utajiri na maliasilia za nchi, lililotokana na sheria mbili za mwaka 2017 zilizolipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba ya rasilimali. Idara za utumishi, mipango, fedha na ununuzi ni kama za wizara nyingine yoyote.

Hiyo ndiyo wizara yenyewe, na si kubwa. Kinachoifanya ionekane kubwa ni taasisi zilizoizunguka.

Kila mwaka waziri husimama bungeni Dodoma kuomba fedha si za wizara yake pekee, yaani Fungu 41, bali pia za Mfuko wa Mahakama ambao ni Fungu 40, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali Fungu 16, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka Fungu 35, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora Fungu 55 na Tume ya Kurekebisha Sheria Fungu 59. Anayefuatilia hotuba hiyo ana haki ya kudhani kwamba anayeomba fedha ndiye anayeamuru kazi. Sivyo ilivyo. Waziri ni msemaji wa taasisi hizo mbele ya Bunge, lakini maamuzi yao hayapiti mezani kwake, na kwa baadhi yao Katiba imekataza hata kujaribu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mahakama. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki ni Mahakama, na Ibara ya 107B inazipa mahakama uhuru wa kutekeleza kazi hiyo zikizingatia Katiba na sheria za nchi tu. Kiongozi wake ni Jaji Mkuu. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, shughuli za utawala na fedha ziko chini ya Mtendaji Mkuu wa Mahakama, na muhimili huo una mfuko wake. Mahakimu huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na tume hiyo.

Kwa hiyo, mtu aliyeshindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo hana faida ya kuandika barua kwa waziri. Njia yake ni rufaa katika Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30, kisha Mahakama Kuu. Akitaka kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, atalazimika kwanza kupata cheti cha Mahakama Kuu kinachothibitisha kuwa lipo suala la kisheria linalostahili kuamuliwa huko.

Rufaa, hata hivyo, ni tofauti na malalamiko juu ya mwenendo. Anayelalamika kuwa hakimu ameomba rushwa, amemtukana au amekwepa kusoma hukumu hakati rufaa. Anapeleka malalamiko ya maadili. Sheria ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili ya maofisa wa mahakama katika ngazi ya wilaya na mkoa, za wilaya zikiongozwa na Mkuu wa Wilaya na za mkoa zikiongozwa na Mkuu wa Mkoa. Wapo wanasheria wanaoona kwamba kumpa mteule wa kisiasa kiti hicho kunapunguza uhuru ule ule ambao Katiba imeutangaza, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo kamati hizo ndizo njia iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kijijini, na si wengi wanaojua kuwa zipo.

Kwa upande wa mahakama, mkoa wa Morogoro umesogezewa huduma. Oktoba 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita, kikiwemo kimoja mjini Morogoro, ambamo ngazi mbalimbali za mahakama, kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, zinafanya kazi katika jengo moja pamoja na wadau wake. Kabla ya hapo mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Morogoro yalikuwa chini ya kanda ya Dar es Salaam. Umuhimu wa jambo hilo kwa mwanakijiji utaonekana tunapofika kwenye ardhi.

Mgawanyo mkubwa zaidi wa majukumu katika miaka ya karibuni ulifanyika Februari 2018. Kabla ya hapo Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilikuwa kama shina lenye matawi yote: ilishauri, iliandika miswada, ilitetea Serikali katika madai na ilisimamia mashtaka ya jinai. Kwa amri za Rais zilizotangazwa mwezi huo, kazi hizo ziligawanywa katika ofisi tatu.

Ya kwanza ilibaki kuwa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huyu ametajwa katika Ibara ya 59 ya Katiba kuwa mshauri wa Serikali katika masuala ya sheria. Anaingia bungeni kwa wadhifa wake, na ofisi yake ndiyo inayoandika miswada na kuhakiki mikataba mikubwa ya Serikali. Ya pili ni Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kuiwakilisha Serikali katika mashauri ya madai na usuluhishi, ndani na nje ya nchi. Ya tatu ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, inayoongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kwa maneno mepesi, mmoja anaishauri Serikali, mwingine anaitetea, na wa tatu anashtaki kwa niaba ya Jamhuri. Mtu akitaka kujua kwa nini kesi ya jinai imefutwa, haulizi kwa Mwanasheria Mkuu wala kwa waziri. Ibara ya 59B, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu au mamlaka yoyote, na azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Uwezo wa kuanzisha, kuendesha na kusimamisha mashtaka ya jinai uko kwake, isipokuwa mashtaka yaliyo mbele ya mahakama ya kijeshi.

Maneno hayo ya mwisho yana maana yake Ngerengere, palipo na kambi. Mwanajeshi anayetuhumiwa kwa kosa la kijeshi hushtakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, katika mfumo ulio chini ya wizara nyingine kabisa.

Nchi jirani zimechagua njia tofauti. Uganda, Mwanasheria Mkuu ni waziri anayeingia katika Baraza la Mawaziri. Kenya, baada ya Katiba ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013, wizara ya sheria ilivunjwa na shughuli zake nyingi kuwekwa katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na Idara ya Haki. Zanzibar nayo ina wizara yake ya sheria, Mwanasheria Mkuu wake, Mkurugenzi wake wa Mashtaka na Mahakama Kuu yake. Kinachounganisha pande mbili za Muungano ni Mahakama ya Rufani, ambayo nayo haigusi mashauri ya Kadhi wala tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Baada ya kumjua anayeshtaki, hubaki swali la anayekamata na kupeleleza. Huyo ni Jeshi la Polisi, na Polisi iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kama ilivyo Magereza. Takukuru, inayopeleleza rushwa, iko upande wa Ofisi ya Rais. Hapo ndipo malalamiko mengi ya wananchi huanza: mtu amekamatwa, amekaa kituoni zaidi ya saa 24 ambazo sheria inataka awe amefikishwa mahakamani au amepewa dhamana, na kila ofisi inamwelekeza ndugu yake kwa ofisi nyingine. Kwa mfumo ulivyo, dhamana ya polisi inaombwa polisi, dhamana ya mahakama inaombwa kwa hakimu, na upelelezi unaochelewa ni suala la polisi na ofisi ya mashtaka kwa pamoja.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka sharti kwamba kesi isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai mwaka huo. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuundwa kwa chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea, nje ya Jeshi la Polisi. Pendekezo hilo linagusa kiini cha tatizo: aliyemkamata mtu ndiye anayekusanya ushahidi dhidi yake, na anayeshtaki hutegemea kilichokusanywa na chombo asichokiamuru.

Mkulima wa Ngerengere, hata hivyo, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na sheria kupitia shamba kuliko kupitia kituo cha polisi. Na ardhi ndiyo sehemu ambayo mgawanyo wa majukumu umekuwa mgumu kueleweka kuliko nyingine zote.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, iliyopanga ngazi kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani. Sheria hiyo iliyaweka mabaraza ya wilaya chini ya waziri wa ardhi, huku mabaraza ya kata yakiwa mikononi mwa serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba shauri moja la shamba lingeweza kuanza TAMISEMI, likapanda Wizara ya Ardhi, kisha likaingia Mahakama, bila Wizara ya Katiba na Sheria kuligusa popote. Hoja ya kuyaweka mabaraza ya wilaya chini ya Mahakama imejadiliwa kwa miaka mingi.

Mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Kilichobaki ni usuluhishi. Baraza lina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha wahusika. Likishindwa, linathibitisha hivyo kwa maandishi, na mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baadhi ya watu bado hupeleka mashauri katani wakitarajia hukumu, na hushangaa kuambiwa kwamba walichopewa si hukumu.

Huo ni utaratibu wa mgogoro kati ya jirani na jirani, au ndugu na ndugu. Ikiwa anayelalamikiwa ni Halmashauri ya Kijiji yenyewe, mambo hubadilika kabisa, na hapa ndipo wengi wameanguka.

Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali. Kabla ya hapo masharti yake yalihusu hasa Serikali Kuu. Marekebisho yaliingiza pia serikali za mitaa, wakala, mashirika ya umma na halmashauri za vijiji. Tangu wakati huo, mtu anayetaka kuishtaki Halmashauri ya Kijiji kwa kugawa shamba lake kwa mtu mwingine anatakiwa kwanza kutoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 90, akieleza msingi wa madai yake, na kupeleka nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikiisha, anafungua shauri Mahakama Kuu, na ni lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa. Asipomuunganisha, shauri lote linaharibika.

Lengo la Serikali linaeleweka: halmashauri zilikuwa zikishindwa kesi bila Serikali Kuu kujua, na fedha za umma zikilipwa. Lakini mzigo umeshuka kwa mtu mdogo. Mgogoro wa ekari tatu, ambao ukiwa dhidi ya jirani ungesikilizwa barazani, ukiwa dhidi ya kijiji unapanda moja kwa moja hadi Mahakama Kuu, ambako mawakili wa Serikali kutoka Ofisi ya Wakili Mkuu wanasimama upande wa pili. Kama isingekuwa masjala ya Mahakama Kuu kufunguliwa Morogoro mwaka 2021, safari hiyo ingeishia Dar es Salaam.

Ipo pia mila. Waluguru ni jamii inayofuata ukoo wa mama, na ardhi ya mlimani kwa desturi ilikuwa ya ukoo. Kanuni za sheria za kimila zilizokusanywa na kutangazwa mwaka 1963 zilitokana hasa na jamii zinazofuata ukoo wa baba. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayesikiliza mirathi ya Mluguru hulazimika kupima mila halisi ya wahusika badala ya kunakili kanuni hizo kama zilivyo. Kurekebisha pengo la namna hiyo ni kazi ambayo Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980 na kuanza kazi mwaka 1983, iliundwa kuifanya. Tume huchunguza na kupendekeza. Kubadili sheria kunabaki kuwa kazi ya Bunge.

Mfanyakazi wa shamba la mkonge aliyeachishwa kazi naye ana mlango mwingine. Huyu haanzii mahakamani wala kwa ofisa wa Wizara ya Katiba na Sheria, bali katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyo upande wa wizara ya kazi. Anapopinga kuachishwa kazi ana siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Wapo wanaotumia siku hizo kuzungumza na mwajiri kwa matumaini ya kulipwa, na wanapofika kwenye tume muda umekwisha.

Sehemu ambayo wizara hii humgusa kila mwananchi, bila hata ugomvi, ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wakala huo ulioanzishwa mwaka 2006 husajili vizazi, vifo, ndoa na talaka, hutunza wosia, husajili wadhamini wa taasisi, na Mtendaji Mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu anayeweza kusimamia mirathi. Hapa napo pana mkanganyiko mdogo unaosumbua makanisa, misikiti na vikundi: jumuiya husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini bodi yake ya wadhamini husajiliwa RITA. Ni vyeti viwili kutoka wizara mbili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

RITA haina jengo katika kila tarafa. Wilayani, msajili wa vizazi na vifo ni Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye mwajiri wake ni mwingine. Kwa mkazi wa Ngerengere hilo lina maana ya pekee, kwa sababu makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yako Mvuha, wakati ofisi ya Mkuu wa Wilaya iko Morogoro mjini. Anayefuata jambo la halmashauri anakwenda upande mmoja wa milima, na anayefuata cheti cha kuzaliwa kwa msajili wa wilaya anakwenda upande mwingine. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Baada ya hapo taratibu huongezeka na vielelezo vinavyotakiwa pia.

Hali ni hiyo hiyo kwa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka Msajili wa Watoa Msaada wa Kisheria ndani ya wizara na kuwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo maalumu bila kuwa mawakili. Wanaweza kutoa elimu, kushauri, kusuluhisha na kumwelekeza mtu ofisi inayohusika. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Wasajili wasaidizi mikoani na katika halmashauri wametokana na maofisa maendeleo ya jamii, ambao tayari wana kazi nyingine za kutosha. Tangu mwaka 2023 wizara imekuwa pia ikiendesha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, inayopeleka wanasheria mikoani kusikiliza watu bila malipo. Wanasheria wa kampeni hukaa siku chache na kuondoka; shauri la ardhi hukaa miaka. Anayehitaji mtu wa kumfuata kila mwezi hana budi kumtafuta msaidizi wa kisheria wa eneo lake.

Kuhusu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa Ibara ya 129 na kurithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, mwananchi anapaswa kujua nguvu yake na mpaka wake. Mlalamikaji hahitaji wakili. Tume inaweza kuita ofisa yeyote wa umma na kudai nyaraka. Lakini inachotoa mwishoni ni mapendekezo. Wakazi wa Nyamuma, Serengeti, walioondolewa katika makazi yao Oktoba 2001, walishinda mbele ya tume, ambayo mwaka 2004 ilipendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa mapendekezo hayo, na suala likaendelea mahakamani hadi Mahakama ya Rufani.

Mafunzo ya wanaoendesha mfumo huu wote nayo yamegawanywa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hufundisha maofisa wa mahakama, na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, ndiyo njia ya mhitimu wa sheria kuelekea uwakili.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa mtu wa kawaida huenda ni zito kuliko mgawanyo wa ofisi. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili muda wote, lakini ngazi za juu na sheria zenyewe zilibaki katika Kiingereza hadi marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, kwa masharti yanayoruhusu Kiingereza pale inapobidi. Kazi ya kutafsiri sheria iko kwa waandishi wa sheria katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyoandaa Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 kuchukua nafasi ya lile la mwaka 2002. Katika toleo hilo namba za baadhi ya vifungu zimebadilika. Anayeandika notisi ya siku 90 kwa kunakili notisi ya zamani ya jirani yake anashauriwa kuhakiki kwanza namba za vifungu kabla ya kuipeleka kijijini na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu.